Nimeita Mtoto, Kaitika Mama

Kuna siku unaamka zako Ngamiani, Tanga, shati limepigwa pasi, unajiona msomi. Saa tatu haijafika unasutwa na mjomba kwa ajili ya nazi.

Mjomba ana duka la jumla Barabara ya 12 na la rejareja Makorora. Nikamwandikia programu kwa Java, lugha ya kuandikia programu. Klasi mama, yaani ramani ambayo klasi nyingine huirithi, nikaiita Duka, ndani yake methodi (kipande cha programu kinachoitwa kwa jina kikajibu) ya bei ya nazi: 700. Klasi ya Makorora ikarithi kila kitu, ila kule nazi ni 1,000, nami nikaandika methodi ya jina lilelile. Zote mbili statiki, yaani ni mali ya klasi yenyewe, si ya duka moja moja. Kwa nini statiki? Msiniulize, niliona watu wanaandika.

Kompaila, mkaguzi anayetafsiri programu kabla haijaendeshwa, kimya, hata kuguna haikuguna. Nikapanda baiskeli kwenda kunywa chai.

Kurudi, mjomba kasimama mlangoni. "Mpwa wangu, hii mashine yako inatoa sadaka?" Asubuhi nzima Makorora wameuza nazi kwa 700!

Kumbe kosa liko hapa: d, jina la kisanduku ninachowekea duka, nimeitangaza kuwa Duka, ingawa ndani yake nimeweka la Makorora. Methodi ya kawaida ingechungulia kilichomo. Statiki haichungulii, inasoma kibao cha mlangoni basi. Mtoto hajachukua nafasi ya mama, kamfunika kanga tu. Ita kwa jina la mama uone nani anachomoza.

Na haya hata nyumbani yapo. Binti yangu nimempa jina la mama yangu. Mgeni akiita "Mwanahamisi!" uani kwa mama, anaitika mama. Akiita kwangu anaitika wa miaka sita, mdomo mwekundu kwa ubuyu.

Usiku nikaijaribu. Nikaipa d null, yaani duka hakuna, hata kopo la kupimia hakuna. Nikaita bei. Ikajibu 700! Duka halipo, bei ipo. Dalali wa viwanja huyu.

Nikaondoa statiki kwa mama peke yake. Hapo kompaila ikapiga mayowe: methodi ya statiki haiwezi kuchukua nafasi ya isiyo statiki! Sasa mayowe haya jana yalikuwa wapi? Jirani yangu anayeandika C#, lugha nyingine ya programu, anacheka mpaka anashika ukuta. Kwao ukificha cha kurithi unapewa onyo, na kama umekusudia unaandika neno new. Akanikumbusha kuwa hata Java ina @Override tangu 2004, alama ya kutamka kwamba methodi hii inachukua nafasi ya ile ya mama. Ningeiweka juu ya methodi ya Makorora, kompaila ingenikatalia palepale. Anakumbusha leo, nazi zimeshakunwa!

Nikairudishia d duka la Makorora, nikaiondoa statiki kwa mtoto pia. Ikatoka 1,000.

Mjomba kashika kalamu: nazi 43, kila moja imepungua 300, jumla 12,900. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba mimi sina kosa, kosa ni la klasi mama.

"Mama yako ni dada yangu," akasema, "usimwingize kwenye nazi. Lete hela."