Usiulize simu ni ya mwaka gani, uliza itapata apdeti mpaka lini

Kila mtu hapa Kisumu ana maoni kuhusu simu ya mwenzake. Ukitoa simu yenye kioo kimepasuka ndani ya matatu ya Kondele hutakosa mtu wa kukwambia hiyo si ubadilishe sasa, na ukimuuliza ubadilishe kwa nini, anakwambia tu imezeeka. Mimi hilo jibu halinitoshi. Nimeona watu wakichukua simu mpya kwa mkopo na ile walikuwa nayo ilikuwa bado sawa kabisa, halafu nimeona wengine, tena wengi, wanabeba simu inang'aa, haina hata mkwaruzo, na hiyo ndio yenye inafaa kutolewa kazini haraka. Inaniuma manake siku hizi simu ndio benki, ndio ofisi, ndio kitabu cha chama cha akiba, na bado tunaichagua kwa macho tu.

Msimamo wangu ni huu: uzee wa simu hauko kwa kioo wala kwa kamera, uko kwa betri na kwa apdeti za usalama, yaani yale marekebisho kampuni inatumia simu yako kuziba njia za wezi. Betri inabadilishwa. Apdeti zikiisha, zimeisha.

Tuanze na betri kwa sababu ndio inafanya watu wengi wakate tamaa. Hizi betri za lithiamu zinachoka kwa kule kuchajiwa na kutumika, hata uzitunze vipi. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya chaji, na kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1,000. Mzunguko mmoja ni ukishatumia jumla ya asilimia 100, si lazima iwe kwa siku moja. Sasa mtu mwenye anamaliza chaji yote kila siku, hiyo 500 anaifikisha kabla ya mwaka mmoja na nusu. Kwa hivyo simu ya miaka mitatu ikianza kuzimika ikiwa bado imeandika asilimia 25, si ati simu imekufa, ni betri imechoka.

Halafu sisi tuna jua. Betri na joto haziskizani kabisa. Apple wanashauri simu zao zitumike mahali joto halizidi nyuzi 35, na hapa kwetu mchana wa Januari au Februari hata kivulini ni 30 na kitu, sasa fikiria ile simu ya mtu wa boda imefungwa kwa usukani kutoka Mamboleo mpaka mjini, jua lote liko juu yake, ramani imewaka, mwangaza wa skrini uko juu kabisa na tena iko kwa chaji. Hiyo betri inapikwa. Watu wangu wa boda, kama mteja ameshapanda na njia unaijua, tia simu mfukoni, utaniambia.

Kwa hivyo kabla hujaanza kuhesabu pesa ya simu mpya, peleka hii kwa fundi. Kwa simu nyingi za Android zenye nimeulizia hapa mjini, betri na kazi ya fundi ni kati ya shilingi 1,500 na 3,000, na simu inaamka. Lakini usikubali betri yoyote tu, manake kuna kopi zimeandikwa namba kubwa za mAh (kile kipimo cha chaji yenye betri inabeba) na ndani hakuna kitu, na bei ikiwa chini sana jua ndio hiyo unapewa. Muulize fundi kama ni orijino au ni kopi, akuwekee ukiona, na mkubaliane hata wiki mbili za kurudisha ikikataa, fundi mwenye anaamini kazi yake hatakataa. Na kama mgongo wa simu umeanza kuinuka, hiyo betri imefura, usiibonyeze, usiichaji tena hata kidogo, peleka siku hiyo hiyo.

Simu kuwa polepole pia haitoshi kuwa sababu, mara nyingi imejaa tu. Grupu ya matanga, grupu ya harambee, ya kanisa, ya kijiji, ya wazazi wa darasa, kila asubuhi video za salamu, na WhatsApp inazishusha zote yenyewe bila kukuuliza. Ingia setingi za WhatsApp zima hiyo kujishusha yenyewe, futa video kubwa, acha nafasi ya kutosha, na ikikataa kabisa weka picha zako mahali salama urudishe simu vile ilitoka kiwandani. Nayo 5G, ule mtandao wa kasi kuliko 4G, mimi naona si sababu ya kukunyima usingizi. Ni kweli Kisumu tulikuwa kati ya miji ya kwanza, Safaricom walipoanza majaribio Machi 2021 ilikuwa Nairobi, Kisumu, Kisii na Kakamega, na Oktoba 2022 wakafungulia watu wote. Lakini kwa WhatsApp, Facebook na M-Pesa 4G inakutosha, na mimi nikienda ushago Alego ni hiyo hiyo 4G natumia.

Sasa tuje kwa ile kitu yenyewe, apdeti.

Android kila mara inapatikana na mianya, yaani makosa kwa programu yenye mwizi anaweza kupitia aingie kwa simu yako. Si ajabu, programu yoyote kubwa iko hivyo. Tangu Agosti 2015 Google wanatoa orodha ya hiyo mianya kila mwezi pamoja na dawa yake, halafu kampuni yenye ilitengeneza simu yako inachukua hiyo dawa inaitayarisha kwa modeli zake na kukutumia kama apdeti. Siku kampuni ikiamua modeli yako imetosha, dawa inaacha kuja, lakini orodha haiachi kutoka. Inatoka kila mwezi na kila mtu anaisoma, na wezi ndio wasomaji wazuri. Play Store itaendelea kukuletea WhatsApp mpya na Chrome mpya na hiyo inasaidia, siwezi kukataa, lakini mfumo wa simu wenyewe unabaki vile ulikuwa na mianya yake yote. Na usingoje mpaka WhatsApp ikukatae ndio ujue simu imefika mwisho. WhatsApp ni mvumilivu sana, hata 2025 ilikuwa bado inakubali Android 5.0, na hiyo ilitoka 2014, ndio maana mtu anaona kila kitu kinafanya kazi anadhani yuko salama.

Anti yangu anauza omena Kibuye na ndio mweka hazina wa chama chao. Simu yake ni safi sana, kava ya maua, kioo hakina alama. Siku moja nikamwomba niiangalie, nikaingia setingi, nikaenda pale pa kuhusu simu, nikafungua toleo la Android, na hapo ndani kuna tarehe ya sasisho la usalama la mwisho, ndio hiyo apdeti (hata wewe fungua uangalie sasa hivi kabla hujaendelea kusoma). Ya Anti ilikuwa imepita miaka miwili. Nikamwambia, "Anti, kwa hii simu tutoe apu ya benki."

Akashtuka. "Na si ni mpya? Si nilinunua mwaka jana tu, na risiti ninayo?"

Na ni kweli alinunua ikiwa mpya ndani ya katoni. Shida ni kwamba kampuni hazihesabu miaka ya apdeti kutoka siku wewe umelipa, zinahesabu kutoka siku hiyo modeli ilizinduliwa. Modeli ikikaa dukani miaka miwili, hiyo miwili imeshaliwa kabla hata hujaifungua. Mimi Anti simlaumu hata kidogo, angejulia wapi? Pakiti ya maziwa imeandikwa tarehe ya kuharibika, lakini simu yenye itabeba pesa ya chama kizima haijaandikwa chochote, na yule kijana wa dukani atakuimbia megapikseli na GB mpaka ulipe na hatataja apdeti hata mara moja.

Na tofauti kati ya simu na simu hapa ni kubwa sana. Google waliahidi simu yao Pixel 8 ya 2023 miaka 7 ya apdeti. Samsung wakafanya hivyo hivyo na Galaxy S24 mwanzo wa 2024, halafu mwisho wa mwaka huo huo wakatoa Galaxy A16, ambayo si simu ya matajiri, na ahadi ya miaka 6. Kwa upande wa iPhone, ile iPhone X ya 2017 yenye bado inauzwa sana kwa mkono wa pili haikupata iOS 17, yaani toleo jipya la mfumo wa iPhone, lilipotoka 2023, sasa mtu akikuletea leo anasema ni simu ya maana, wewe jua hivyo. Nazo simu nyingi za bei ya chini zinapewa toleo jipya moja la Android ama hazipewi kabisa. Ndio maana mimi nagawanya bei kwa miaka ya apdeti zenye zimebaki. Tuseme simu ni 12,000 na imebakisha miaka miwili, hiyo ni 6,000 kwa mwaka. Ingine ni 20,000 na imebakisha mitano, hiyo ni 4,000 kwa mwaka. Ya 20,000 ndio rahisi.

Ulaya wameshaanza kulazimisha hii kitu. Tangu tarehe 20 Juni 2025 simu mpya zinazoingia soko lao lazima betri ibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800, na apdeti ziendelee angalau miaka 5 baada ya kampuni kuacha kuuza hiyo modeli. Mimi hapa Kenya siombi yote hayo kwa siku moja, naomba tu tarehe. Mamlaka ya Mawasiliano ndio inaidhinisha aina za simu zinazoingia nchini, si waseme kila katoni iandikwe mwezi na mwaka wa apdeti ya mwisho? Ni wino tu.

Kuhusu mkopo, hapa nitaongea na moyo wangu wote manake naona vijana wanaumia. Mpango wa kulipa kidogo kidogo si mbaya kwa mzizi wake. Safaricom na Google walipoanza Lipa Mdogo Mdogo 2020 kwa shilingi 20 kwa siku, watu wengi waliokuwa na kabambe, zile simu ndogo za vibonyezo, wakapata 4G ya kwanza maishani na hiyo ni kitu kubwa. Lakini mtu mwenye tayari ana smatfoni yenye inafanya kazi, akaiacha akachukua ingine ya kulipia kila siku, hebu apige hesabu kwanza. Chukua mfano wa deposit 3,000 na shilingi 80 kwa siku kwa mwaka mzima: 80 mara 365 ni 29,200, ongeza 3,000 ni 32,200. Enda dukani uulize hiyo hiyo simu ni pesa ngapi taslimu ndio ujue umelipia nini. Na ukichelewa inafungwa, na wewe kama unategemea simu kupata wateja, siku imefungwa ndio siku huwezi kupata pesa ya kuifungulia. Heri uchukue hizo 80 uziweke pembeni kila siku kwa miezi minne ya kwanza, itafika karibu 10,000, na simu ya zamani na betri mpya ikusukume mpaka hapo.

Ukiamua ni ya mtumba, hizi wanaita ex-UK, sikukatazi, nyingi ni nzuri. Bonyeza *#06# uone IMEI, ile namba ya kipekee ya kila simu, kama inafanana na ya risiti na katoni, hakikisha imetolewa akaunti ya mwenye alikuwa nayo, na usinunue bila risiti hata kama muuzaji ni rafiki, kwa sababu ikipatikana ni ya wizi wewe mwenye uko nayo ndio utaanza kujieleza. Halafu angalia ile tarehe ya apdeti, tena hapo ni muhimu zaidi manake mtumba umeshakula nusu ya maisha yake huko ilitoka.

Yangu ni ya 2022, kioo kina mstari mrefu kutoka kona moja hadi nyingine, na inapata apdeti mpaka 2027, kwa hivyo nimeibadilisha betri na siiachi. Ya Anti ndio tunabadilisha, ile inang'aa. Pesa haijatosha bado, kwa hivyo kwa sasa laini ya chama imehamia kwa kabambe, M-Pesa inafanya kazi vizuri tu kwa menyu ya laini na hiyo haijali mambo ya Android, na apu ya benki imetolewa kwa ile smatfoni, imebaki ya WhatsApp na picha za omena za kutumia wateja na laini yake ingine. Link yoyote ya kusakinisha apu kutoka nje ya Play Store tumekubaliana hafungui, hata ikitoka kwa mtu wa chama.

Siku tukipata mpya, hiyo ya zamani hatuiuzi kwanza mpaka tutoe akaunti ya Google, tutoe WhatsApp baada ya kuihamisha, tuirudishe vile ilitoka kiwandani, tutoe laini na memori kadi. Na mwenye ataichukua tutamwambia wazi apdeti ziliisha lini, ili asiweke pesa yake humo.