Palm waliuawa na leseni? Mi naona hapana

Ubishi wa Palm na Microsoft ni wa zamani ila bado una maana kwa yeyote anayefuatilia mambo ya simu. Wengi wanasema Palm, wale waliotawala kompyuta za kiganjani mwishoni mwa miaka ya 90, walijimaliza kwa kuwapa wengine mfumo wao wa kuendeshea mashine (Palm OS) kwa leseni. Hoja nzito, ila mi siikubali yote.

Kwanza tukumbuke walikuwa wakali kiasi gani. Pilot, kompyuta yao ya kiganjani, ilitoka 1996 kwa dola 299, prosesa ya megahezi 16, memori kilobaiti 128 tu, betri mbili ndogo za kawaida zinakaa wiki kadhaa, unaichomeka kwenye kitako chake unabonyeza kitufe kimoja, kalenda na namba zako zote ziko kwenye kompyuta. Basi, kazi imeisha. Microsoft nao wakaja na Windows CE, mfumo wao wa vifaa vidogo, mwaka huohuo, wakabandika menyu ya Start kwenye kiskrini kidogo kana kwamba mtu katembea na mausi yake.

Sasa leseni. Jeff Hawkins na Donna Dubinsky, walioijenga Palm, waliondoka 1998 wakaanzisha Handspring, mwaka uliofuata wakatoa Visor yenye mfumo uleule kwa bei ya chini, alafu 2000 Sony wakaleta Clié. Hapa ndo wanaolaumu leseni wana haki kabisa, maana wateja wengi waliochukuliwa walikuwa wa Palm mwenyewe, unapokea hela kidogo ya leseni huku faida ya mashine inakuponyoka. Microsoft hakuwa na shida hiyo, mashine hakuuza yeye, waliouza ni wengine wenye mfumo wake, Compaq na iPAQ yake, HP na Jornada yake, wapigane wanavyotaka, yeye kila upande anakula.

Lakini bila leseni ile Treo isingekuwepo! Simu na kompyuta ndani ya kifaa kimoja, 2002, kazi ya Handspring hiyo, na Palm walipoungana nao 2003 ndo wakapata bidhaa ya kuwaweka hai. Na angalia waliokuja baadaye, Apple na iPhone 2007 hampi mtu leseni, Google na Android anagawa kwa yeyote anayetaka, wote wawili wametajirika. Kwa hiyo leseni peke yake haielezi kifo cha mtu.

Kinachoniuma mimi ni mfumo wenyewe kuachwa uzeeke. iPAQ ya 2000 ina megahezi 206, skrini ya rangi, inapiga muziki, sawa inakula betri, ila ilionyesha wazi soko linaelekea wapi. Palm walinunua teknolojia ya Be, kampuni ya mifumo ya kompyuta, 2001, wakatangaza mfumo mpya wa Cobalt, na hakuna hata mashine moja iliyoingia dukani nao. Katikati ya hayo, 2003, wakaikata kampuni vipande viwili, huku mashine kule mfumo, ili wenye leseni wasihisi wanapunjwa, kumbe mtengeneza mashine kabaki anasubiri mfumo ambao hauamui tena yeye. 2005 kipande cha mfumo kikanunuliwa na kampuni ya Access ya Japani, na mwanzoni mwa 2006 ikaja Treo 700w, imeandikwa Palm kwa nje, ndani ni Windows.