Unaendelea Vizuri Kutoka Wapi Kwenda Wapi?

Jumamosi iliyopita nilihudhuria mkutano wa mtaa wetu, upande wa kusini wa Jiji la Arusha, nikakaa kwenye dawati lililochongwa kwa ajili ya mtoto wa miaka tisa, na kwa saa moja na nusu nikasikiliza taarifa ya mwaka. Tulisomewa mapato, tukasomewa matumizi, tukasomewa hata idadi ya mifuko ya saruji iliyokwenda kwenye vyoo vya shule ile ile tuliyokuwa tumeketi. Ilipofika sehemu ya mipango miji, msomaji alimeza mate, akasoma sentensi moja tu: "Utekelezaji wa mpango wa matumizi ya ardhi katika eneo letu unaendelea vizuri." Kisha akafunua ukurasa.

Hapo ndipo bibi mmoja tunayemwita Koko, ambaye aliishi hapa wakati eneo lote hili lilikuwa mashamba ya mahindi na maharage, aliponyoosha mkono na kuuliza, "Mwanangu, unaendelea vizuri kutoka wapi kwenda wapi?" Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, akasema, "Koko, swali lako limepokelewa," na kila aliyewahi kuhudhuria mkutano katika nchi hii anajua hatima ya swali lililopokelewa. Mimi sikucheka. Nimefundisha jiografia miaka ishirini na sita, na sikumbuki mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali lililonyooka kama lile.

Jiji letu lina Mpango Kabambe, yaani mpango mkuu wa matumizi ya ardhi yote ya jiji, wa mwaka 2015 hadi 2035, ulioandaliwa pamoja na wataalamu kutoka Singapore, na sina ugomvi na mpango wenyewe. Ugomvi wangu ni na ile miaka iliyo katikati. Mpango wa miaka ishirini hauuawi kwa siku moja na adui mmoja anayejulikana jina, kwa kuwa kama ingekuwa hivyo tungemkamata. Unakufa kwa kumegwa, kipande kidogo kila mwaka, na kila kipande ni kidogo kiasi kwamba anayepiga kelele huonekana mchochezi. Ukifika mwaka wa ishirini, wataitwa wataalamu wengine, wataandika kwenye utangulizi kwamba mpango uliotangulia ulikabiliwa na changamoto za utekelezaji, halafu watapaka rangi ramani mpya.

Tuangalie hesabu kidogo. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 416,442 ndani ya Jiji la Arusha, na sensa ya mwaka 2022 ikakuta 617,631. Ongezeko ni watu 201,189 kwa miaka kumi, yaani zaidi ya elfu ishirini kila mwaka. Tukikadiria kwa mkono mwepesi kwamba kaya moja ina watu wanne, jiji limekuwa likihitaji makazi mapya kama 5,000 kila mwaka, na hapo hatujahesabu nyumba chakavu wala vijana wa miaka thelathini ambao bado wanalala sebuleni kwa baba zao. Makazi hayo yalipatikana, kwa sababu watu hawa hawalali juu ya miti. Ninachotaka kujua ni mangapi yalijengwa kwa kibali, mangapi yalijengwa kwenye viwanja vilivyopimwa, mangapi yamekaa juu ya hifadhi ya barabara, na mangapi ni vile vyumba kumi vya mstari mmoja vyenye choo kimoja ambavyo dalali huviita "nyumba nzuri, maji yapo". Huwezi kusema mpango wa makazi unaendelea vizuri bila majibu ya maswali haya, kama vile muuguzi hawezi kusema mtoto anakua vizuri bila kumpandisha kwenye mizani na kuitazama kadi yake ya kliniki ya mwezi uliopita.

Nitasimulia kuhusu uwanja wetu, na mniwie radhi kwa urefu wa habari hii, kwa sababu ndiyo inayoniuma. Nilipohamia hapa mwaka 2009 kulikuwa na uwanja ambao watoto walichezea mpira, na wazee waliniambia kwamba kwenye mchoro uwanja huo ni eneo la wazi. Kwanza ilikuja meza ya mama wa chapati, na ni nani mwenye roho ya kumfukuza mama wa chapati? Mwaka uliofuata meza ilipata paa. Kisha akaja fundi wa pikipiki, kwa kuwa wateja wa chapati walikuwa bodaboda, naye akaweka kontena la kuhifadhia vipuri. Nyuma ya kontena wakaanza kuosha magari. Nyuma ya waosha magari ikasimama nguzo ya umeme, na ilipokuja nguzo nilijua kwamba habari imekwisha, maana katika jiji letu mita ya umeme ya luku ni shahidi mzito kuliko ramani. Mwisho likaja tripu la mawe, ukapanda ukuta, na kwenye ukuta ikaandikwa kwa rangi nyekundu: KIWANJA HIKI HAKIUZWI, OGOPA MATAPELI. Eneo letu la wazi, ambalo hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuliuza, sasa lilikuwa na mtu wa kutuonya tusitapeliwe nalo.

Sisemi kwamba hawa wote ni wezi. Kila mmoja, nina hakika, alimuuliza mtu, na mtu huyo alimjibu kwamba ni kwa muda tu. Hoja yangu ni kwamba katika miaka hiyo yote hakukuwa na siku hata moja ambapo mtu alisimama mbele yetu akasoma mstari huu: eneo la wazi la mtaa huu lilikuwa ekari mbili, mwaka jana lilikuwa ekari moja na nusu, mwaka huu limebaki ekari moja na robo. Mstari mmoja tu, wenye tarakimu tatu. Ungesomwa kila mwaka kwenye mkutano, fundi wa pikipiki angeusikia, diwani angeusikia, na sisi wenye midomo mirefu vijiweni tungekuwa na cha kushika mkononi. Aibu ni chombo cha utawala ambacho hakihitaji bajeti, lakini hufanya kazi pale tu ambapo kuna namba ya kumwonea mtu aibu.

Ninajua jibu nitakalopewa: taarifa zipo, baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka, hesabu hukaguliwa. Ni kweli, zinakaguliwa. Katiba, katika Ibara ya 143, imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na kila mwaka ripoti yake inapotoka nchi nzima husimama kusikiliza ni halmashauri gani imepata hati inayoridhisha na ipi imepata hati yenye shaka. Tumejifunza kuzungumza lugha ya hati hadi vijiweni. Hata hivyo, halmashauri yoyote inaweza kupata hati safi kabisa baada ya kutumia kila shilingi kwa stakabadhi halali kujenga jengo zuri mahali ambapo mpango ulisema patakuwa na kituo cha daladala. Hesabu za fedha hujibu kama fedha ilitumika ilivyoidhinishwa. Swali la Koko ni jingine: mji unakwenda pale tulipokubaliana uende? Kulijibu hilo, taarifa ya mwaka inahitaji safu mbili zikae bega kwa bega, tulisema nini na imekuwa nini, kata kwa kata, halafu ya tatu ya kueleza kwa nini. Taarifa nyingi nilizowahi kusomewa maishani zina safu ya pili peke yake, na safu ya pili ikikaa peke yake kila kitu huwa mafanikio.

Mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi jimbo la California, huko Marekani, alinieleza kwamba kule kila mji na kila kaunti hutakiwa kisheria kupeleka serikali ya jimbo, ifikapo tarehe 1 Aprili kila mwaka, taarifa ya mwaka uliotangulia kuhusu utekelezaji wa mpango wake wa jumla na mpango wake wa nyumba. Taarifa hiyo hujadiliwa kwanza kwenye mkutano wa hadhara ambapo mwananchi ana haki ya kusema. Ndani yake huhesabiwa nyumba zilizoombewa kibali, zilizopewa kibali na zilizokamilika, zikigawanywa kwa kipato cha watu wanaoweza kuzimudu, na zote hupimwa dhidi ya lengo ambalo mji ulipewa kwa kipindi ambacho kwa kawaida ni cha miaka minane. Tangu sheria ya mwaka 2017, mji uliobaki nyuma ya lengo unaweza kunyang'anywa sehemu ya mamlaka ya kuwazungusha wajenzi wanaotimiza masharti. Kubaki nyuma, kwa maneno mengine, kuna gharama.

Kabla hamjaniandikia kunikumbusha, nitakiri mwenyewe, ingawa si kwa furaha: California hiyo hiyo ina watu wengi wanaolala kwenye mahema barabarani, na kodi zake za nyumba zinatisha kuliko za Njiro hapa Arusha. Taarifa haijengi hata msingi. Lakini wenzetu wakishindwa wanajua wameshindwa kwa kiasi gani na katika mji upi, ilhali sisi tunaambiwa unaendelea vizuri.

Nitakiri na mengine kwa haraka. Maofisa wa mipango miji ni wachache na mafuta ya gari la ukaguzi ni hadithi ndefu. Sisi wananchi ndio tunaohamisha bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, usiku. Urasimishaji wa makazi yaliyojengwa bila kupimwa umewasaidia wengi, mimi nikiwa mmojawapo.

Lakini msiniambie kwamba takwimu hazipatikani, kwa maana yupo anayezitoa kila siku bila semina wala posho, naye ni dalali. Barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 kutoka Ngaramtoni hadi Usa River ilikuwa bado vumbi, yeye akijua bei ya kiwanja kila upande wake. Uwanja wa mpira kwa ajili ya AFCON ya mwaka 2027 ulipotajwa kwamba utajengwa Olmoti, alijua jioni ile ile nani anauza, nani ameghairi na mashamba yapi yamekatwa robo robo. Dalali ana safu zote tatu kichwani. Tofauti ni kwamba taarifa yake humnufaisha mwenye fedha ya kununua leo, wala si mwalimu anayetaka kujua kama kijukuu chake kitapata shule ya kutembea kwa miguu.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulitania. Mwezi Aprili mwaka 2024 mafuriko yalisomba gari lililokuwa limebeba wanafunzi hapa Arusha, na watoto hawakurudi nyumbani. Sidai kwamba karatasi ingeyazuia maji, na sitamnyooshea mtu kidole juu ya kaburi la mtoto. Ninachodai ni kwamba mji wetu umekaa kwenye mteremko wa Mlima Meru, una mito ya Themi, Naura na Burka na makorongo yasiyo na idadi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni nani anayetuambia, kila mwaka kabla ya masika, ni nyumba ngapi zimo ndani ya mita hizo, na kama mwaka huu zimeongezeka au zimepungua? Namba hiyo si ya kupamba taarifa. Mzazi akiijua, atabadilisha njia ya mtoto ya kwenda shule.

Baada ya mkutano nilimsindikiza Koko hadi kwake. Akanionyesha daftari la shule lililokunjamana, ambamo tangu mjukuu wake alipojua kuandika wamekuwa wakiorodhesha kila nyumba mpya inayoota kwenye njia ya kwenda mtoni: mwaka, jina la aliyejenga, na kama alipisha njia au aliiziba. Kurasa kumi na moja. Kuna mwaka una mistari mitatu, na kuna mwaka umejaza ukurasa mzima hadi pembeni. Nilimuuliza kwa nini anaandika. "Ili nikiambiwa nasahau," akasema.

Jumatatu asubuhi nilipeleka barua ya kuomba taarifa kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, nikiuliza mambo manne tu: eneo letu limepangiwa nini, kipi kimetekelezwa mwaka uliopita, kipi kimebadilishwa, na nani aliidhinisha mabadiliko hayo. Nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria inatoa siku thelathini, na Koko ameandika tarehe kwenye ukurasa wa kumi na mbili.