WhatsApp, jedwali au Trello: gharama halisi ya kupanga kazi za timu

Chukua timu ya watu 12 inayofunga sola Dar es Salaam na Pwani: wanne ofisini, wasimamizi wawili, mafundi sita. Kazi zote zinapita kwenye kundi la WhatsApp. Saa tatu asubuhi ofisi inauliza, "Ile ya Kibaha vipi?" Fundi anajibu, "Tayari." Tayari paneli ziko juu ya paa, au tayari inverta imewashwa na mteja amesaini? Kila mtu kundini anaelewa lake, na ankara inatoka kabla kazi haijaisha.

Hata hivyo, wanaotaka kuihama WhatsApp moja kwa moja wanasahau bando. WhatsApp kila fundi anayo tayari, hahitaji kufundishwa, na kifurushi cha mitandao ya kijamii kinambeba siku nzima kwa bei ndogo. Kifurushi hichohicho hakifungui ubao wa Trello, programu ya mtandaoni ya kupanga kazi kwa kadi, wala jedwali la Google. Ukiwalazimisha mafundi sita watumie programu ya "bure", ama unawanunulia intaneti ya kawaida, ama wanajaza taarifa jioni wakifika penye Wi-Fi, yaani zikiwa zimepitwa.

Udhaifu wa WhatsApp ni kumbukumbu. Ujumbe unaobandikwa juu ya kundi hauzidi mitatu, na mwisho wake ni siku 30. Picha ya waya ambayo mtu hakuipakua ndani ya siku 30 huondolewa kwenye seva. Picha nyingine ziko kwenye simu ya fundi. Akiacha kazi, anaondoka nazo. Kwa kampuni inayotoa udhamini wa mwaka mzima, hilo ni tatizo la pesa. Kuhamia Slack ya bure, programu ya mazungumzo ya kazini, hakulitibu, kwa sababu yenyewe huonyesha mazungumzo ya siku 90 tu.

Trello inajibu swali la "tayari" vizuri zaidi. Kila kazi ni kadi, na kadi ikiwa kwenye safu ya "Mteja amesaini" hakuna wa kutafsiri. Toleo la bure lina mbao 10 kwa kila nafasi ya kazi, na faili moja lisizidi MB 10. Kikwazo ni watu: mwisho ni 10, na wageni wanahesabiwa. Timu yetu ya 12 imeshavuka. Mpango wa kulipia wa Standard ni dola 5 kwa mtu kwa mwezi ukilipia mwaka, hivyo watu 12 ni dola 720 kwa mwaka, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani na makato ya benki ya kubadilisha fedha. Lakini nani kasema mafundi wote wanahitaji akaunti? Wanne wa ofisini na wasimamizi wawili ni sita. Fundi anatuma picha WhatsApp, msimamizi anaiweka kwenye kadi na kuisogeza. Dola 720 zinabaki mfukoni. Ubaya wake ni kwamba msimamizi akiugua siku mbili, ubao nao unalala.

Kwa timu ya ukubwa huu, sisi tungeanza na jedwali la Google kabla ya Trello. Safu saba zinatosha: namba ya kazi, mteja, mahali, mhusika, tarehe ya mwisho, hali, na kinachokwamisha. Mhusika awe jina moja. Ukiandika "Timu B" umeandika hakuna mtu. Hali iwe orodha ya kuchagua yenye maneno manne, Haijaanza, Inaendelea, Imekwama, Imekamilika, kwani ukiwaachia waandike wenyewe, baada ya wiki utakuta "karibu" na "95%". Jedwali huharibika mtu anapopanga safu moja peke yake: tarehe zinahama, majina yanabaki, na mteja wa Mlandizi anapewa siku ya mteja wa Mbezi. Kinga yake ni kila mtu kutumia kichujio chake binafsi, na wawili tu waruhusiwe kupanga upya. Likiharibika, historia ya matoleo inalirudisha lilivyokuwa jana.

Wapo wanaopendekeza kuweka OpenProject, programu huria ya kusimamia miradi, kwenye seva yako mwenyewe, na hoja yao ina uzito: hulipi kwa kichwa, na data ni yako. Ila inapendekezwa iwe na GB 4 za RAM, kwa hiyo seva ya bei ya chini kabisa itakwama. Na kama hakuna mtu aliyetajwa kwa jina kuwa ndiye wa masasisho na nakala rudufu, usianze.

Kabla ya kulipia chochote, fungua akaunti kwa barua pepe ya ofisi, wakuu wa akaunti wawe wawili, na kadi ya benki isiwe ya mfanyakazi mmoja. Kadi hiyo ikikataa kulipa kwenye Trello yenye watu zaidi ya 10, ubao unageuka wa kutazama tu, katikati ya wiki ya kazi. Jaribu pia mlango wa kutokea, yaani kuzitoa data zako: Trello ya bure inakupa JSON, faili ambalo si rahisi kulisoma moja kwa moja, wakati faili la CSV linalofunguka kwenye Excel liko kwenye mpango wa kulipia wa Premium. Jedwali la Google unalipakua kama Excel siku yoyote.

Jaribio la wiki mbili kwa kazi tano linatosha. Hesabu ni mara ngapi mtu bado ameuliza kundini, "Ile ya Kibaha vipi?"