Nyama ya ng?ombe

Wiki jana nilipita sokoni, pale kando ya ngome, nikanunua kilo ya nyama na nusu kilo ya ini. Mwenye bucha ameendelea siku hizi: mwanawe amemletea printa ya risiti, ile ndogo ya kushika mkononi inayofuata amri za simu. Nikatiliwa nyama yangu mfukoni, risiti ikawekwa juu. Nami ni mtu wa kusoma risiti. Nikaisoma nikitembea, nikasimama ghafla katikati ya njia mpaka punda wa mchanga akanisogeza kwa bega.

Imeandikwa: NYAMA YA NG?OMBE.

Basi ikiwa muuzaji mwenyewe hana yakini, mimi niliyelipa nishike lipi? Nikarudi.

"Mzee, hii ni nyama ya nini?"

"Ya ng'ombe, mwanangu. Umeona nini?"

Nikampa karatasi. Akaisogeza mbali na mato, akaileta karibu, akaisogeza mbali tena. "Hii yauliza? Ng'ombe nimemtinda kwa mkono wangu, kisha kijimashine chaniuliza suali?"

Tukacheka. Nilipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimekwisha, imebaki hasira.

Kilichotokea ni hiki. Kijana aliandika orodha ya bei kwenye simu. Simu, kwa ujuaji wake, ikampa ritifaa (kile kidude cha juu katika ng') iliyopinda, ile ya vitabuni. Printa nayo imezaliwa na seti ya herufi 256 iliyorithiwa kutoka kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, na humo ritifaa iliyopinda haimo. Imo iliyosimama wima tu. Programu ilipokosa cha kuweka ikaweka alama ya kuuliza. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, aliyeharibikiwa ni ng'ombe.

Huenda ningeliyamaza kama si kwamba mimi usiku, baada ya isha, ni fundi wa herufi. Si kazi. Kazi ninayo, na hiyo nayo hailipi. Hii ni ada yangu tu: daftari la miraba, penseli, kifutio kilichokwisha nusu, kisha kompyuta na programu ya FontForge, nachora fonti, yaani maumbo ya herufi za kompyuta: fonti za pikseli, zilizojengwa kwa nukta, na fonti za upana mmoja. Nimeshachora saba. Mbili zinasomeka.

Anayedhani ni mchezo wa watoto na ajaribu kuandika alfabeti nzima ndani ya nukta tano kwa saba. Hizo ni nukta 35 kwa kila herufi, na kila moja ama imewaka ama imezimwa, hakuna "kidogo". Herufi s peke yake ilinila Ramadhani mbili. Ukiwasha nukta moja ya pembeni inageuka 5, ukiizima inageuka z iliyolewa.

Mwalimu wangu mkubwa katika jambo hili ni mamangu, ambaye hajawahi kushika kompyuta. Yeye hushona kofia za mkono, zile za tundu, kofia moja miezi kadhaa. Siku moja alinikuta ninahangaika na herufi m katika chumba cha nukta sita. Mguu wa kushoto sawa, wa kulia sawa, wa kati haukai. Nikiuweka huku unaegemea huku, nikiuweka kule unaegemea kule. Akainama, akahesabu miraba kwa ncha ya sindano. "Sita haina kati," akasema. "Wataka kati, hisabu witiri." Kisha akarudi kwenye kofia yake. Nami nilikuwa nimepoteza juma zima! Miguu mitatu na nafasi mbili, jumla tano. Au mguu, nafasi mbili, mguu, nafasi mbili, mguu, jumla saba. Shufwa haikubali. Baadaye ndipo niliposoma kuwa Susan Kare, yule mama wa Marekani aliyechora fonti na vijipicha vya skrini vya kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984, naye alianzia kwenye daftari la miraba, na mwenyewe ameilinganisha kazi hiyo na mosaiki na kutarizi. Nilimsomea mama. Akauliza, "Na kofia yuajua?"

Sasa turudi kwa m, maana hapa ndipo penye donda.

Fonti ya upana mmoja ni dunia ya tapureta. Kila ukigonga, gari la karatasi husogea hatua ile ile, uwe umegonga i au umegonga m. Kwa hiyo i apewa chumba kikubwa hana cha kukitandika, afungiwe miguu na kofia ili aonekane ameenea. M asukumwe chumba hicho hicho abanwe mbavu. Howard Kettler alipoichora Courier pale IBM miaka ya 1950, alifanya kazi nzuri mno ndani ya sheria hiyo, sitamvunjia heshima. Lakini aliifanya kwa ajili ya barua za Kiingereza. Kwa Kiingereza m ni mgeni wa kupita. Kwetu ni mlango wa nyumba! Mtu, mti, mji, mke, mume, mwana, mwezi, mnazi, mtepe, Mkomani, Matondoni. Na akiondoka m anaingia w: watu, wana, wake, wanawake. Andika "mwanamwali amemwamini mwenyewe" kwa fonti yoyote ya upana mmoja unayoijua, kisha jitenge hatua tatu utazame. Utaona madoa. Pale penye mw ukurasa umeungua kama mkate wa mofa uliosahauliwa, na pale penye i na l kuna uwazi wa kupitisha jahazi. Watu husema Kiswahili kikiandikwa kwenye skrini "hakipendezi". Kiswahili hakina ubaya wowote. Ubaya ni kwamba kimevaa kanzu iliyokatwa kwa mabega ya mtu mwingine, kisha sisi wenyewe tunaanza kuyalaumu mabega yetu.

Na hiyo ni fonti kubwa. Shuka kwenye zile ndogo za nukta tatu kwa tano, zinazosifiwa kuwa kazi ya ajabu, ambamo m na n hutofautishwa kwa dua. Humo "mimi" husomeka "nini". Nimeiona kwa macho yangu. Mtu ajitambulisha, skrini yamuuliza yu kitu gani.

Wachoraji wengi wa fonti hujaribu herufi zao kwa ile sentensi ya Kiingereza ya mbweha na mbwa, kwa kuwa ina herufi zote. Zote za kwao. Ina q na x ambazo mimi sina haja nazo (nawaombea radhi kizazi cha "xaxa", nimewachorea x yenu mwisho kabisa, nikiwa na usingizi). Mimi hujaribu kwa sentensi hii: "Mwenyewe amemwambia mwanamke wa ng'ambo ng'ombe wamenywa maji." Ikipita hapo, imepita.

Na hapo ndipo tunapomkuta ng' tena.

Maskini ng'. Ni sauti moja, wala hakuna mtoto wa Lamu aliyewahi kuikosea: ng'onda, ng'ambo, ng'oa, ng'aa. Lakini kuiandika imekuwa balaa tangu enzi. Wazee wetu walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ghaini moja ilibebeshwa gh, g, ng na ng' kwa pamoja, msomaji ajijue mwenyewe. Zikaja herufi za Kizungu tukapewa n, g na kidude cha juu. Waganda wana herufi yao moja kamili, n yenye mkia, imekaa kwenye alfabeti yao kwa heshima. Sisi tuna kidude. (Mwaka 1928 walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe Kiswahili cha vitabu, Kimvita kikaachwa pale pale kwao, na Kiamu, chetu cha Lamu, tusikitaje. Nina maneno mengi juu ya mkutano huo lakini nimemwahidi mke wangu.)

Kidude hicho ndani ya fonti ya upana mmoja hupewa chumba kizima peke yake. Kwenye printa ile ya bucha, chumba kina upana wa nukta 12, na kidude chatumia mbili au tatu. Zilizobaki ni hewa. Ndiyo maana hata kisipogeuzwa alama ya kuuliza, neno huwa limeng'oka jino: NG, pengo, OMBE. Andika "ng'ang'ania" upate mapengo mawili, neno lenyewe haling'ang'anii kitu. Fonti zangu zote saba zimeanza kwa ugomvi huu. Nimejaribu kukisogeza kidude kushoto kabisa kwenye chumba chake ili kimwegemee g. Nimejaribu kukinenepesha. Fonti ya saba nimekifanya kianzie juu ya sikio la g na kuteremka kama mkia wa mkizi, na wallahi, kwa mara ya kwanza "ng'ombe" ilikaa ikawa neno moja. Niliamka usiku kwenda kuitazama tena.

Nakiri kuna gharama. Kidude hicho hicho watu hukitumia kufungulia nukuu, na kwenye fonti yangu nukuu hizo zimepinda upande kama mlingoti wa dau lililopanda mwamba. Nimeambiwa. Nimesikia. Fonti ni ya Kiswahili, nukuu zitavumilia.

Wapo wanaoniambia haya ni mambo ya Kizungu, kijana wa Lamu ashike la maana. Jambo hili hunichemsha. Siyu, hapo Pate, ni mwendo wa boti tu kutoka kwetu, na mafundi wake walinakili misahafu yenye mapambo ambayo leo makumbusho ya ng'ambo huitunza ndani ya kioo. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, karne ya 19, alikaa na herufi za Kiarabu akaziongezea alama ili zibebe sauti zetu zisizokuwa na makao. Mtu huyo angekuwa hai leo angekuwa na daftari la miraba, nami ningekwenda kumbeba mkoba. Kupima herufi, kuikata, kuirudia mpaka ikae ni kazi ya pwani hii tangu kabla ya umeme. Tulichofanya ni kuacha, kisha tukasahau kuwa tuliacha.

Kuhusu herufi za Kiarabu zenyewe ndani ya chumba cha upana mmoja, nilijaribu mara moja. Alifu na sini kupewa chumba sawa ni dhuluma. Sitazungumza zaidi.

Kuna pia wanaouliza nani atazitumia. Mimi.

Haya, risiti. Nilirudi bucha na mpango kamili. Printa nyingi za aina ile hupokea amri ya kuingiziwa herufi ulizozichora mwenyewe badala ya zilizomo. Karatasi yake ya milimita 58 ina nukta 384 kwa upana, sawasawa na herufi 32, upana unaotosha kipande cha shairi cha mizani nane raha mustarehe (nimehesabu, msiniulize kwa nini). Nilichora G na kidude chake ndani ya chumba kimoja cha nukta 12 kwa 24, niziweke mahali pa alama fulani ambayo hakuna mwenye bucha duniani atakayeihitaji. Usiku mbili nilifanya kazi hiyo. Nikampelekea, nikaunganisha simu yangu, nikatuma. Printa ikatapika karatasi tupu urefu wa mkono, kisha ikaandika NYAMA YA N^OMBE.

Nikatuma tena. Tena kofia. Printa ya bei ile haijui amri hiyo, au yaijua na haitaki.

Mzee alikuwa amekunja mikono juu ya kibao cha nyama, ananitazama kwa huruma. Nikachukua simu ya mwanawe, nikafungua orodha ya bei, nikafuta ritifaa iliyopinda, nikaweka iliyosimama. Dakika moja. Nachukia kuandika hivi, lakini fonti haikuhitajika.

Risiti ikatoka: NYAMA YA NG'OMBE. Pengo lake lipo pale pale, kubwa, mimi ndiye ninayeliona. Mzee akaikata, akaishika mbali na mato, akaridhika kwa kichwa, kisha uso ukamwanguka kidogo.

"Hii ndiyo sawa?"

"Ndiyo sawa, mzee."

"Ile nyengine watu walikuwa wakiya kuitazama," akasema. "Jana wamekuya wanne. Wawili wamenunua."