Anzeni na Vitenzi, Sifa Zije Baadaye

Mpe mwanafunzi swali la "Eleza sifa za mhusika mkuu" na majibu utayajua kabla hajaandika: ni mkarimu, ni mpole, ana huruma, ana bidii. Ukifuta jina la mhusika, jibu hilo litafaa riwaya yoyote ile. Tusimlaumu kwa uvivu. Swali limeomba vivumishi, naye amevitoa.

Kwa maoni yangu, sifa iwe ya mwisho kuandikwa. Chagua kifungu kifupi, mistari 10 hadi 15, kisha mwanafunzi apigie mstari kila kitenzi ambacho mhusika huyo ndiye mtenda. Tuseme kifungu kina sentensi hii: "Zuhura aliipokea barua, akaikunja mara mbili bila kuisoma, akamuuliza aliyeileta kama angependa maji ya kunywa." Anayekimbilia kivumishi ataandika "Zuhura ni mkarimu" na kusonga mbele. Anayefuata vitenzi atakwama kwenye "bila kuisoma", na hapo alipokwama ndipo uhakiki unapoanzia. Huenda Zuhura anajua kilichomo. Huenda hataki mjumbe amtazame usoni anapoisoma. Hata yale maji huenda si ukarimu, bali njia ya kuvuta muda. Mwanafunzi sasa ana dhana tatu mkononi, na itambidi arudi kitabuni aone ipi inaungwa mkono na matukio mengine.

Kwa kazi hiyo jedwali la safu tatu linatosha. Safu ya kwanza ni tukio au kauli, pamoja na ukurasa wake. Ya pili ni sifa. Ya tatu, ambayo aghalabu huachwa, inajibu swali moja: kwa nini sifa hii na si ile inayokaribiana nayo? Mwoga au mwangalifu? Bahili au mwekevu? Jasiri au mkaidi? Anayetoroka usiku peke yake huku wenzake wamelala tunaweza kumwita mwoga. Akitoroka baada ya kuwafungulia wao mlango kwanza, neno hilo halimtoshi tena. Mwanafunzi akishindwa kujaza safu ya tatu, mara nyingi ni kwa sababu sifa aliichukua kichwani, hakuitoa kwenye matini.

Sifa tatu zenye ushahidi zinatosha. Orodha ya sifa nane kwa kawaida ni tukio moja lililokatwa vipande: mpole, mtulivu, mnyenyekevu, mtaratibu.

Msemaji naye apimwe. Mhusika akiitwa mchoyo na mtu anayemdai, hiyo ni kauli ya mdai, bado si sifa. Msimulizi wa nafsi ya kwanza ana sababu zake za kujipamba au kuwapaka wengine matope. Sura na mavazi ni ushahidi dhaifu zaidi, kwani kovu usoni halimfanyi mtu kuwa katili mpaka atende ukatili. Majazi, yaani majina yanayoashiria tabia ya mhusika, yatumike kwa uangalifu vilevile: jina linaweza kuwa kejeli ya mwandishi, kwa hiyo lilinganishwe na matendo kabla ya kuaminiwa.

Halafu kuna tukio linaloharibu hoja. Mwanafunzi ameshaandika kwamba baba ni mkali, mara katika sura ya saba anamkuta akilia chumbani. Wengi hulipuuza tukio la namna hiyo kwa kuogopa kujipinga. Walitafute! Sentensi yenye "ila" au "lakini" ndani yake ("ni mkali mbele ya watoto, ila akiwa peke yake...") huwa bora kuliko aya nzima ya sifa zinazokubaliana. Ukali ule huenda ukawa ni ngao, na hilo jedwali lisingelionyesha bila tukio lenye kero.

Mgawanyo wa wahusika bapa (wenye sifa moja isiyobadilika) na duara (wenye sura nyingi na wanaoweza kubadilika), uliopata umaarufu kupitia mwandishi Mwingereza E. M. Forster mwaka 1927, ufundishwe baada ya haya yote. Ukitangulia, mwanafunzi hubandika jina na kuweka kalamu chini. Isitoshe, wengi huamini kwamba bapa ni kosa la mwandishi, ilhali mhusika bapa aliyewekwa mahali pake anaweza kuibeba dhihaka ya kitabu kizima.

Umuhimu wa mhusika ni swali jingine kabisa, na kuuchanganya na sifa ni kosa sugu. Jaribio lake ni rahisi: mwondoe kwenye hadithi, kisha utazame ni tukio gani lisingetokea na ni dhamira ipi ingekosa mtetezi.

Kosa linalobaki ni kusimulia hadithi upya. Dawa yake ni kuuliza swali jembamba. "Mweleze Zuhura" litaleta muhtasari wa kitabu. "Kwa nini Zuhura hakuisoma barua mbele ya mjumbe?" halijibiki kwa muhtasari. Na wakati wa kusahihisha, zungushia duara kila kivumishi kisicho na tukio wala ukurasa, usikipe alama, kisha mrudishie mwenye kazi akitafutie ushahidi au akifute.