Kukaza Presi Siyo Dawa ya Unga wa Titani

Juzi nilikaa na watu wanaotengeneza vipande vya metali ya titani kwa kushindilia unga wake kwenye presi, na kila tatizo walilolitaja lilipewa jibu lilelile. Kipande kina vitundu? Ongeza shinikizo. Kimepasuka wakati wa kutolewa kwenye kalibu? Ongeza shinikizo. Niliondoka na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka.

Titani haiendi kwa ubabe. Ina tabia ya kung'ang'ania chuma inachosuguana nacho, kwa hiyo nguvu unayoisukuma kutoka juu inaliwa na kuta za kalibu kabla haijafika chini. Kipande kinatoka kimeshiba juu, chini kina njaa. Ukikipima kizima, densiti, yaani uzito kwa ujazo, inapendeza. Kikate katikati uone. Na usiniambie uchanganye mafuta ya kulainisha ndani ya unga wenyewe, maana yanaacha kaboni na oksijeni. Paka ukuta wa kalibu, basi.

Ninachotaka kieleweke ni kwamba densiti huanza kuamuliwa na chembe, kabla presi haijawashwa. Chembe za mviringo hutiririka kama maji na zinafaa sana kwenye mashine za kuchapa vipande kwa leza, lakini ukizishindilia baridi hazishikani, kipande kinamomonyoka mkononi. Chembe zenye kona, zile zinazopatikana kwa kuilisha titani haidrojeni, kuisaga na kuitoa tena haidrojeni hiyo, hufungamana zenyewe. Vilevile unga wa aloi, yaani titani iliyochanganywa na metali nyingine, yenye asilimia 6 ya alumini na 4 ya vanadi ni mgumu, haubonyei. Ndiyo maana watu wenye subira huchukua unga wa titani tupu, ulio laini, wakauchanganya na unga wa alumini na vanadi, kisha wakaiachia tanuri ya ombwe, isiyo na hewa ndani, kwenye nyuzi 1200 hadi 1300 za Selsiasi, kazi ya kuvisambaza ndani ya titani.

Halafu kuna hidridi ya titani, ambayo mimi naipenda waziwazi. Ni titani iliyobeba takriban asilimia 4 ya haidrojeni kwa uzito, na ni kavu, inavunjika. Chini ya presi chembe zake zinapasuka na vipande vidogo vinaingia kwenye mianya. Tanurini haidrojeni inaondoka, inasaidia kusafisha nyuso za chembe, nazo zinashikana vizuri kuliko ungetegemea. Watafiti wa Kyiv, Ukraine, wameifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi, na vipande vinafika asilimia 98 na zaidi ya densiti ya metali isiyo na kitundu, bila presi ya kutisha.

Haya, nakubali: kuna kubana kwa gesi ya moto, karibu nyuzi 900 na shinikizo la megapaskali 100, na vitundu vingi vinafungwa. Lakini si vile vilivyofunguka hadi juu ya kipande, kwa sababu gesi inaingia humohumo. Na kama ni gesi ya aragoni iliyonaswa ndani ya chembe, haiyeyuki kwenye titani. Ukikipasha kipande tena, kitundu kinarudi.

Na oksijeni je? Titani ikipata moto huimeza oksidi iliyo juu ya chembe zake. Hapo chembe zinaungana kwa urahisi, jambo ambalo alumini haiwezi, ila oksijeni yenyewe inabaki ndani ya metali na ombwe haliitoi. Aloi niliyoitaja hapo juu, katika daraja lake la kawaida, inaruhusiwa oksijeni asilimia 0.20 tu. Chembe za unga zikiwa ndogo zaidi, uso wa kubeba oksijeni unaongezeka.

Nimewahi kushika sampuli iliyopimwa densiti ya asilimia 99. Kwenye mashine ya kuvuta ilikatika bila kurefuka. Shinikizo lilikuwa limeandikwa vizuri kwenye fomu, hadi megapaskali ya mwisho. Nikauliza kopo la unga lilifunguliwa lini. Hakuna aliyejua.